Dawa ya baba imeacha kufanya kazi: ni kosa la nani, na nani hulichunguza jambo hili maisha yake yote?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, nasoma biolojia ya molekuli. Baba yangu aligundulika kuwa na saratani ya damu aina ya CML miaka minne iliyopita, akaanzishiwa imatinibu. Alipata nafuu kubwa, akarudi shambani. Mwaka huu vipimo vimepanda tena na tumeambiwa ugonjwa "umeizoea dawa". Mama anamlaumu baba kwamba alikuwa anaruka vidonge. Je, ni kweli uzembe wa mgonjwa ndio unaozoesha saratani dawa? Na mimi natamani kuja kufanya utafiti wa jambo hili. Wanaofanya kazi hiyo huanzia wapi, na maisha yao yakoje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Umeuliza mambo mawili, lakini katika lile la kwanza kuna mtu anayelaumiwa wakati huu ninapoandika, kwa hiyo naanza na yeye.

Neno "kuzoea" ndilo linalotuletea shida. Sote tunalitumia, hata sisi wa maabara tukiwa na haraka, nalo linatupa picha ya seli moja inayokunywa dawa kila siku mpaka ikakomaa, kama mtoto anavyozoea pilipili. Sivyo. Seli iliyouawa na imatinibu imekufa, haikujifunza kitu. Inayorudisha ugonjwa ni nyingine, na mara nyingi ilikuwepo kabla baba hajameza kidonge cha kwanza. Uvimbe wa sentimita moja tu una seli zipatazo bilioni 1, na mgonjwa wa CML anapofika hospitali huwa na nyingi kuliko hizo. Kila seli inapogawanyika hunakili herufi za DNA zaidi ya bilioni 6, na makosa machache hupita bila kusahihishwa. Katika umati wa namna hiyo itakuwa ajabu kukosa hata seli moja ambayo kosa lake limeangukia mahali pa kuinufaisha. Dawa inapoingia hufyeka wenzake wote, na yeye anaachiwa shamba zima. Baba yako ni mkulima. Mwulize inakuwaje ukipiga dawa ileile ya magugu kwa misimu mitano mfululizo, atakueleza vizuri kuliko mimi.

Jambo hili lilionyeshwa kwanza kwa bakteria. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walikuza vikundi vingi vidogo vya bakteria, kila kimoja peke yake, kisha wakavikutanisha na virusi vinavyoua bakteria. Kama usugu ungeletwa na virusi vyenyewe, kila kikundi kingetoa idadi inayokaribiana ya walionusurika. Wao walikuta vikundi vingi havina hata mmoja, na vichache vina wengi mno, kwa sababu katika hivyo vichache kosa lilitokea mapema likapata muda wa kuzaana. Mwaka 1952 Lloyd Law alifanya jaribio la mtindo huo kwa lukemia ya panya na dawa za jamii ya methotreksati (dawa ya zamani ya saratani), akapata jibu lilelile: seli sugu zilikuwepo kabla ya dawa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. CML huanza pale vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vinapobadilishana nafasi. Peter Nowell na David Hungerford waliiona hiyo kromosomu iliyofupika wakiwa Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ni mabadilishano, siyo kipande kilichopotea. Pale penye maungio huzaliwa jeni ya BCR-ABL, na protini yake ni kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa: inaiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Imatinibu, ambayo wengi huijua kwa jina la Glivec, hujipenyeza kwenye mfuko wa protini hiyo ikaizima. Katika jaribio la kwanza la Brian Druker na wenzake, wagonjwa 54 walipewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, na hesabu ya damu ya 53 kati yao ikarudi kuwa ya kawaida. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Mei 2001.

Mwaka huohuo, Mercedes Gorre, ambaye alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Charles Sawyers pale UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa wagonjwa waliokuwa katika hatua kali, waliopata ahueni kisha ugonjwa ukawarudia. Walisoma herufi za BCR-ABL za wagonjwa 9. Sita walikuwa na badiliko moja, lilelile, mahali palepale: kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 315, ACT ilikuwa imegeuka ATT. Watu sita wasiojuana, herufi moja. Wagonjwa wengine 3 walikutwa na nakala za ziada za jeni yenyewe.

Nataka uone hiyo herufi inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoipendea fani hii. ACT huagiza treonini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Treonini ya 315 imekaa mlangoni mwa ule mfuko, na pembeni yake ina oksijeni yenye haidrojeni ambayo imatinibu huishika, kama mtu anavyoshika mwimo wa mlango akiingia chumba chenye giza. ATT huagiza isoleusini. Isoleusini haina cha kushikwa, tena ni nene zaidi na imejitokeza njiani. Dawa inafika, inakosa pa kushika, inakosa na nafasi ya kupita. Lakini ATP, ambayo ndiyo nishati ya protini hiyo, haipiti kwa kushika mwimo, kwa hiyo yenyewe inaendelea kuingia. Nafasi hiyo ya 315 tunaiita bawabu, nami sijawahi kukutana na jina linaloistahili zaidi.

Habari ilikuwa mbaya, ila ndani yake mlikuwa na ushahidi. Kama saratani ingekuwa imeshapata njia nyingine ya kuishi, isingekuwa na haja ya kuibadilisha BCR-ABL. Kule kuibadilisha kulionyesha kwamba bado inaitegemea. Kwa hiyo watafiti hawakuiacha protini hiyo, walitafuta dawa zinazoingia kwa namna tofauti. Dasatinibu ilipata kibali Marekani mwaka 2006, nilotinibu 2007. Zote mbili huyashinda mabadiliko mengi, lakini bawabu aliyebadilika huzishinda zote mbili. Ponatinibu ya 2012 ilisanifiwa ipite kando yake, na asiminibu ya 2021 haipiti mlango huo kabisa, inakaa kwenye mfuko mwingine upande wa pili wa protini.

Sasa kuhusu vidonge vilivyorukwa. Sitakudanganya kwamba havina maana. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, waliwafuatilia wagonjwa 87 wa CML kwa chupa zenye kifuniko cha elektroniki kinachoandika kila inapofunguliwa. Waliomeza asilimia 90 au pungufu ya vidonge vyao, ni wachache tu walioshusha ugonjwa mpaka kiwango kinachotakiwa. Waliozidi hapo walifika karibu wote. Asilimia 10 ni siku 3 tu kwa mwezi. Lakini angalia: badiliko kama T315I (yaani ile treonini ya 315 kugeuka isoleusini) humpata hata aliyemeza kila kidonge kwa saa yake. Ukimwangalia baba usoni huwezi kujua lipi limetokea. Kipimo ndicho kinachojua. Na anayeruka vidonge huwa na sababu: nauli ya kufuata dawa imekosekana, kichefuchefu, misuli kukaza usiku, macho kuvimba asubuhi. Mwulizeni kwa upole, nyumbani, siyo mbele ya muuguzi. Mtu aliyekwisha kulaumiwa hasemi ukweli kliniki, na daktari anaishia kubadilisha dawa gizani.

Mkienda kliniki, chukua daftari uulize haya. Kiwango cha BCR-ABL kilikuwa ngapi kila kilipopimwa, na kilianza kupanda lini? (Kipimo hicho siku hizi kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, aina ileile inayopima kifua kikuu.) Je, kipimo cha mabadiliko ya jeni ya ABL kimefanyika, na kama lipo badiliko, linaitwaje? Jina lina kazi, maana yapo yanayoshindwa na dasatinibu na yapo yanayoshindwa na nilotinibu. Na hili usilisahau: je, katika miaka hii baba aliwahi kutibiwa kifua kikuu? Rifampisini huliamsha ini lichome imatinibu haraka, kiwango chake kwenye damu kikashuka hata kama mgonjwa hakuruka siku moja. Mwambieni daktari na kila dawa ya mitishamba anayotumia, bila haya. Mpaka majibu yatoke, baba asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Swali lako la pili nitalijibu kwa maisha ya mtu mmoja ambaye hatajwi sana madarasani kwetu, June Biedler, aliyefanya kazi Sloan-Kettering, New York. Hakuwa daktari wa wagonjwa. Kazi yake ilikuwa hadubini na kromosomu. Alikuza seli za mapafu ya hamsta wa Kichina, mnyama mdogo anayefanana na panya, katika dawa za saratani, akiongeza dozi kidogo kidogo, na kila mara akizitazama kromosomu za zile zilizobaki. Mwaka 1970 yeye na Hansjörg Riehm walitoa taarifa ya jambo lililokuwa geni: seli walizozifanya sugu kwa dawa moja, aktinomaisini D, zilikuwa sugu pia kwa dawa nyingine ambazo hazijawahi kukutana nazo. Miaka 6 baadaye Rudolph Juliano na Victor Ling, Toronto, waliipata protini inayobeba lawama hiyo kwenye ngozi ya seli, wakaiita P-glaikoprotini. Ni pampu: dawa ikiingia, inatupwa nje.

Mwaka huohuo wa 1976, Biedler na Barbara Spengler walichapisha jambo lingine. Ukizipaka kromosomu rangi ya Giemsa kwa utaratibu maalumu, zinatokea na mistari, myeusi na myeupe, kama kitenge cha milia. Seli zilizokuwa sugu kwa methotreksati zilikuwa na kipande kirefu kisicho na mistari yoyote, rangi moja tu. Mwingine angesema upakaji umeharibika akatupa kioo. Biedler alikiona kinajirudia, kwenye seli sugu tu, akakiandika. Zaidi ya hapo, alikiona pia kwenye seli za uvimbe wa neva wa watoto, zisizokuwa na usugu huo wa methotreksati.

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1978. Frederick Alt, mwanafunzi katika maabara ya Robert Schimke pale Stanford, na wenzao walionyesha kwamba seli sugu kwa methotreksati zimeinakili jeni ya DHFR, kimeng'enya ambacho seli hukihitaji ili kutengeneza DNA, mara 200 hivi. Methotreksati huzuia DHFR. Seli ikazalisha DHFR nyingi mpaka dawa ikazidiwa. Kile kipande kisicho na mistari ni jeni hiyo imerudiwa na kurudiwa. Jibu la pili lilingoja mpaka 1983: katika uvimbe wa watoto, kilichorudiwa ni jeni ya MYCN, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba wenye nakala nyingi za MYCN huwa na ugonjwa uliosambaa. Leo mtoto mwenye uvimbe huo hupimwa MYCN kabla ya kupangiwa matibabu. Kutoka madoa yasiyo na mistari mpaka kwenye kitanda cha mtoto, kazi imepita mikono ya watu wengi. Yeye alifanya sehemu yake, na aliifanya bila kuruka hatua.

Methotreksati yenyewe ina historia na huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, pamoja na Herbert Oettgen na Joseph Burchenal wa hukohuko Sloan-Kettering, waliitumia kwa watoto wa Afrika Mashariki waliokuwa na uvimbe wa taya, ule tunaouita lifoma ya Burkitt. Uvimbe wa baadhi yao uliyeyuka kwa siku chache. Na DHFR unaijua kuliko unavyodhani. SP, ile wanayopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria, ina pirimethamini, na pirimethamini huzuia DHFR ya kimelea. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP, na mwaka 2006 ikabidi ihamie dawa ya mseto kwa sababu vimelea vilikuwa vimebadili herufi chache kwenye jeni hiyo. Seli za Biedler ziliongeza nakala za jeni. Kimelea cha malaria kilibadilisha umbo la kimeng'enya. Kimeng'enya ni cha aina moja, njia za kutoroka ni mbili, na zote mbili umeshaziona hapo juu kwa wale wagonjwa wa UCLA. Mwanafunzi wa huku anayezisoma saratani na malaria pamoja ana faida ambayo wenzake wa ng'ambo hawana, na ningependa uitumie.

Kuhusu maisha ya kila siku, nitakueleza yangu. Mwaka wa kwanza wa uzamivu nilikabidhiwa chupa bapa ya seli za saratani nizitengenezee usugu. Unaweka dawa kidogo, unasubiri. Siku ya tatu seli zinaachia sakafu ya chupa na kuelea kama chenga za unga juu ya maji. Jumanne na Ijumaa nilimwaga maji ya zamani na kuweka mapya, wiki baada ya wiki, na chini ya hadubini hapakuwa na kitu. Wiki ya 5 niliona kisiwa kimoja cha seli kama 20, zimeshika chini, kingo zake kali. Nilikizungushia duara kwa kalamu ya wino mzito chini ya chupa na kila asubuhi nilianzia hapo kabla sijavua koti. Mwezi wa 4 ukungu uliingia kwenye inkubeta, nikamwaga kila kitu, nikaanza upya. Ilinichukua mwaka na zaidi kupata seli zinazostahimili dozi kubwa. Nilisoma herufi za jeni niliyoitarajia, nikiwa na hakika: hakuna badiliko. Msimamizi wangu akaniambia nizipe rangi ya rodamini 123. Seli za kawaida ziling'aa kijani. Zangu zilibaki giza, maana zilikuwa zikiitupa rangi nje kwa kasi ileile zinayotupa dawa. Ilikuwa pampu ya Juliano na Ling. Nilihuzunika kwamba sikugundua kitu kipya, na nilifurahi vilevile, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikiona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakisoma.

Ndivyo kazi ilivyo. Miezi mingi ni ya kuhamisha matone kwa pipeti na kuandika daftari. Fedha za utafiti huombwa na kunyimwa mara nyingi kuliko zinavyotolewa. Ukiwa huku, kemikali zikikwama bandarini jaribio linakungoja wiki sita. Ila swali lenyewe halichoshi. Sawyers baada ya CML alilihamishia kwenye saratani ya tezi dume: kwa nini hurudi hata homoni za kiume zikikatwa? Yeye na wenzake walikuta mwaka 2004 kwamba seli huongeza kipokezi cha homoni hizo mpaka tone dogo linatosha. Yeye na mkemia Michael Jung wakatengeneza dawa ya enzalutamidi, ikapata kibali mwaka 2012. Kisha usugu wa enzalutamidi ukaja, naye akaanza kuuchunguza huo.

Kwa mwaka wako wa pili, usipite juujuu jenetiki na biokemia, na ujifunze takwimu pamoja na programu ya R mapema, kwa sababu siku hizi nusu ya kazi ya usugu ni kuhesabu seli sugu ni ngapi kati ya nyingi. Omba kujitolea likizo katika maabara yoyote inayopima usugu, hata kama ni wa malaria au kifua kikuu. Mikono itajifunza yaleyale.

Na hili lisingoje likizo. Ukipata intaneti, ingia GenBank, hazina ya mtandaoni ya herufi za jeni, ni bure, utafute jeni ya ABL1 ya binadamu. Utakuta matoleo mawili ya protini yake. Chagua lenye asidi amino 1,130. Lile la 1,149 lina mwanzo tofauti, na humo treonini hiyohiyo huhesabiwa ya 334. Anza kuhesabu kwenye ATG ya kwanza mpaka kodoni ya 315. Utaikuta ACT. Herufi ya kati, ya 944, ni ile C. Kama majibu ya baba yatarudi yameandikwa T315I, utamwonyesha daktari kwa kidole ni wapi, na utamwonyesha na mama.